Vita ya lita tano: Kwanini mchezaji anadondoka kwenye jua la Ifakara

IFAKARA, MOROGORO

SAA 8 mchana jua la Ifakara halina utani. Mji huu upo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, katikati ya Bonde la Kilombero, milima ya Udzungwa upande mmoja na ya Mahenge upande wa pili. Upepo ukikata, hewa inakaa palepale na unyevu wake. Kuanzia Oktoba hadi mvua zishuke, hata kuendesha baiskeli kutoka Mlabani kwenda sokoni ni kazi.

Lakini mpira haungoji. Viwanja vya mtaani havina taa, na ikifika saa 12 na nusu jioni mpira hauonekani tena. Siku ya ndondo yenye mechi mbili kwenye uwanja mmoja, ya kwanza lazima ipigwe jua likiwa utosini.

Hapo ndipo mambo yanapotokea. Winga anakimbia saa nzima, anarudi kukaba, anapanda tena. Mpira unatoka nje, anasimama, anashika magoti, anayumba, anakwenda chini bila kuguswa na mtu.

Pembeni ya uwanja maneno yanaanza. Wapo wanaosema hana pumzi. Wapo wanaosema jana hakulala kwao. Wapo wanaotazama golikipa wa timu pinzani na kusema yule ndiye aliyekuja na kitu.

Jibu halipo kwa mganga wala kwa kipa. Lipo kwenye mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele, na kwenye neva, ile wengi tunaiita mishipa ya fahamu, zinazoibana na kuiachia. Kocha, mwamuzi na nahodha wakiujua mchezo huo, kuna kijana atarudi nyumbani salama.

DAMU HAITOSHI

Iko hivi. Mtu mzima ana wastani wa lita tano za damu. Ni ndogo kuliko ndoo ya maji ya kawaida. Mishipa yote ya mwili ikifunguka kwa wakati mmoja, lita hizo tano haziwezi kuijaza.

Kwa hiyo damu inagawiwa. Ni kama kocha mwenye wachezaji 11 na uwanja mzima wa kukaba. Ukipeleka watu wengi mbele, lazima kuna mahali umepunguza.

Ukiwa umekaa, moyo unasukuma kama lita tano kwa dakika. Misuli inapata karibu sehemu moja ya tano, tumbo na ini vinachukua karibu robo, na zinazobaki zinakwenda kwenye figo, ubongo, ngozi na kwingine.

Ukianza kukimbia kwa nguvu zote, moyo unapanda hadi lita 20 au zaidi kwa dakika, na misuli inaweza kuchukua zaidi ya asilimia 80 ya hizo. Tumbo linanyang'anywa. Ndiyo maana sahani ya wali iliyopigwa saa moja kabla ya mechi inakaa tumboni kama jiwe. Mchele wa Ifakara hauna kosa, ila damu ya kuushughulikia imehamishiwa miguuni.

Sasa ongeza jua. Misuli inayokimbia inazalisha joto, na njia kubwa ya kulitoa ni damu kulibeba hadi kwenye ngozi, jasho likauke, ngozi ipoe. Mahali pa baridi, ngozi ya mtu aliyetulia inaridhika na nusu lita hivi kwa dakika au pungufu. Kwenye joto kali kabisa inaweza kudai lita sita na zaidi.

Hapo vita inaanza. Misuli inataka damu icheze, ngozi inataka damu ipoze, na ubongo unataka presha isishuke. Wote wanaigombea ileile.

BOMBA LENYE KOKI

Anayeamua ugomvi huo ni mfumo wa neva unaofanya kazi bila kukuuliza. Wataalamu wanauita mfumo wa simpathetiki. Neva zake zinatoka kwenye uti wa mgongo na kwenda karibu kila mahali penye mishipa ya damu.

Kazi kubwa haifanyiki kwenye mishipa mikubwa ile unayoisikia ikidunda shingoni. Haifanyiki pia kwenye kapilari, vile vimishipa vya mwisho kabisa ambako chembe za damu zinapita moja moja kwa foleni, kwa sababu kapilari hazina misuli. Inafanyika hatua moja kabla, kwenye ateri ndogo kabisa zinazoingiza damu kwenye kapilari. Hizo zina koti la misuli laini ukutani. Misuli ikijikunja, njia inakuwa nyembamba. Ikilegea, njia inapanuka.

Ncha ya neva inamwaga kemikali iitwayo noradrenalini juu ya misuli hiyo, nayo inabana. Mabadiliko madogo yanaleta matokeo makubwa mno. Mshipa ukipungua upana wake kwa nusu huku presha ikiwa ileile, damu inayopita inabaki kama sehemu moja tu ya 16. Hiyo ni fizikia ya mabomba, fundi bomba yeyote anajua tofauti ya bomba la nusu inchi na la inchi moja.

Tena neva hizi hazisubiri hatari ndiyo zianze kazi. Muda wote zinavuta kidogo kidogo, kama dereva aliyeweka mguu mwepesi kwenye breki. Mwili ukitaka kupeleka damu mahali, mara nyingi inatosha kupunguza mvuto huo.

Ukiwa uwanjani, amri ya kubana inakwenda karibu kila upande, hadi kwenye mapaja yanayokimbia. Ila misuli inayofanya kazi inaikaidi. Inatoa kemikali zake yenyewe palepale, zinalegeza vimishipa vyake na kudhoofisha amri kutoka juu. Kocha anapiga kelele "rudi nyuma", winga kaona nafasi, anakwenda. Isipokuwa misuli ikikaidi mno na ngozi nayo ikidai chake, presha ya mwili mzima inakuwa hatarini.

SUNGURA NA MTOTO WA MORISI

Haya hayajajulikana jana. Mwaka 1851 Mfaransa Claude Bernard alikata neva ya simpathetiki shingoni mwa sungura. Sikio la upande ule likapata damu nyingi na kuwa la moto kuliko la upande wa pili.

Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Morisi, hapa hapa kwenye Bahari ya Hindi, alieleza upande wa pili wa shilingi. Ukiitia neva ile umeme, sikio linapauka na kupoa. Kwa maneno mengine, kazi ya neva ilikuwa kubana. Ikikatwa, mshipa unalegea, ikichochewa, unakaza.

Kemikali yenyewe ilichukua muda. Ni mwaka 1946 ndipo Ulf von Euler wa Sweden alipoonyesha kuwa neva hizo zinatumia noradrenalini. Mwaka 1970 akawa mmoja wa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel.

KWANINI MPIGA PENALTI ANA MIKONO YA BARIDI

Mshike mkono mpigaji wa penalti ya tano. Nje joto, yeye kiganja chake mara nyingi kina ubaridi na kimelowa.

Ngozi ya mwili wetu haina mfumo mmoja. Sehemu kubwa, yaani mikono, mapaja, kifua na mgongo, ina neva za aina mbili. Zipo zinazobana na zipo zinazofungua kwa makusudi joto likizidi. Viganja na nyayo haviko hivyo. Huko neva za kubana ndizo zinazotawala, na zinasikiliza sana hofu na presha ya mchezo. Jasho la kiganjani nalo ni hivyohivyo, linachochewa na wasiwasi zaidi kuliko jua.

Kwa hiyo mtu akiwa na hofu, vimishipa vya viganjani vinakaza, damu inarudi ndani, mkono unapoa. Siyo dalili ya uoga wa kuzaliwa. Fundi aliyefunga penalti 20 anaweza kuwa na viganja vya namna hiyo na bado akaweka mpira kambani.

Joto lenyewe linaonekana kwingine. Kwenye ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu kama unaouona kwa wachezaji wa Ulaya kwenye televisheni. Tazama mikono ya beki dakika ya 70. Mishipa imetuna chini ya ngozi kama kamba. Hiyo ni damu iliyotoka nje kutafuta ubaridi, na ni damu ambayo kwa wakati huo haipo haraka kurudi kwenye moyo.

MGENI RASMI NA MSTARI

Sasa turudi kwa yule winga aliyesimama akadondoka.

Alipokuwa anakimbia, misuli ya miguu yake ilikuwa inafanya kazi ya pili. Kila hatua inaminya mishipa ya ndani na kusukuma damu juu. Aliposimama ghafla, pampu hiyo ikazima. Vimishipa vya miguuni bado viko wazi kwa sababu ya mbio, vya ngozi viko wazi kwa sababu ya joto. Damu ikajaa chini.

Kwa kawaida kuna walinzi. Shingoni na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vipima presha. Presha ikishuka, vinapeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na ndani ya sekunde chache neva zinabana mishipa na moyo unaongeza mwendo. Ndiyo maana kila siku unatoka kitandani na huanguki.

Lakini kwenye joto, mchezaji aliyepoteza maji mengi kwa jasho, damu yenyewe imepungua ujazo. Walinzi wanabana, haitoshi. Ubongo unakosa damu kwa sekunde chache, macho yanaingia giza, mtu anakwenda chini. Akishalala, damu inarudi kichwani na mara nyingi anaamka mwenyewe.

Tukio hilohilo linawapata wanafunzi mstarini na askari kwenye gwaride. Na linaweza kutokea kabla ya mechi. Timu zimepasha, zimepata joto, halafu zinapangwa mstari juani kumngoja mgeni rasmi aje akague, asalimie mmoja mmoja, apige picha, atoe neno. Dakika 15 za kusimama wima bila kusogea, baada ya kupasha, ni mtihani mgumu kwa mishipa kuliko dakika 15 za kukimbia.

MALARIA NA JEZI YA MIKONO MIREFU

Bonde hili lina jambo lake jingine. Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria kupitia Taasisi ya Afya Ifakara (IHI), iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ya Waswisi. Hakuna mchezaji wa hapa asiyeujua ule mtetemeko.

Ni kioja ukikifikiria. Nje kunachoma, mtu amejifunika blanketi na meno yanagongana. Kinachotokea ni kwamba ubongo, kwenye kituo chake cha joto kiitwacho hipothalamasi, umepandisha kiwango unachokitaka. Mwili wa nyuzijoto 37 unaonekana una baridi. Amri inatoka, vimishipa vya ngozi vinabana ili joto lisitoke, mikono na miguu inapoa, misuli inatetemeka kuzalisha joto zaidi. Homa inapanda.

Sasa mchukue kijana wa namna hiyo, amemeza dawa ya maumivu asubuhi, mchana anaomba jezi kwa sababu ni nusu fainali. Misuli yake itazalisha joto la mechi juu ya joto la homa. Huyo asicheze, hata kama ndiye mfungaji bora wa mashindano. Kocha anayempanga anacheza kamari na maisha ya mtoto wa mtu.

KILICHOMKUTA SIKAZWE

Mpira mkubwa nao umeshaonja. Januari 12, 2022, mjini Limbe, Cameroon, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kipyenga cha mwisho dakika ya 85 wakati Mali inaongoza 1-0 dhidi ya Tunisia. Mechi ikaendelea, akaimaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Benchi la Tunisia likamvamia, dunia nzima ikamcheka mtandaoni.

Baadaye ikaelezwa kuwa alikuwa amepigwa na joto na alihitaji hospitali. Yeye mwenyewe alisema hali yake ilikuwa mbaya kweli. Kicheko kikaisha.

Kisa chake ni somo kwa sababu hakuanguka. Alibaki amesimama, anakimbia, anaonyesha kadi, huku kichwa hakipo. Hii ndiyo tofauti kubwa ambayo kila benchi la ufundi linapaswa kuijua.

Kuzimia kwa presha kushuka kunatisha lakini kunapita haraka. Kiharusi cha joto ni kitu kingine. Hapo joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40, ubongo umeanza kuvurugika, na tumbo lililonyimwa damu kwa muda mrefu linaanza kuvujisha sumu za bakteria kuingia kwenye damu. Mtu anaongea ovyo, anayumba, anakuwa mkali bila sababu, anakwenda goli lisilo lake. Hiyo inaua.

FANYA HIVI

Wakubwa wameshachukua hatua. Kwenye Kombe la Dunia 2014, mechi ya Uholanzi na Mexico mjini Fortaleza ilisimamishwa ili wachezaji wanywe maji. Kwenye AFCON ya 2019 kule Misri, ambayo Taifa Stars ilishiriki, CAF iliweka mapumziko ya dakika tatu, dakika ya 30 na ya 75. Kwa hili huhitaji FIFA. Unahitaji ndoo, kikombe na mwamuzi mwenye akili.

Kwanza, ratiba. Kama kuna mechi mbili, ya saa 8 mchana iwe ya muda mfupi zaidi au ihamishiwe asubuhi. Mgeni rasmi akague timu kabla hazijapasha, tena kivulini.

Pili, ugeni wa joto. Timu ikitoka Iringa au Njombe, vijana wake wanahitaji kama wiki moja hadi mbili za mazoezi ya jua ili mwili uongeze maji ya damu na uanze kutoa jasho mapema. Ukiwaleta asubuhi na kuwachezesha mchana, usiwalaumu kipindi cha pili.

Tatu, mechi ikiisha usikae wala kusimama ghafla. Tembea dakika tano, pampu ya miguu ifanye kazi wakati neva zinarudisha mishipa kwenye hali yake.

Nne, aliyedondoka asiinuliwe. Mashabiki wanapenda kumsimamisha na kumpiga makofi ya mgongo. Kumsimamisha ni kumnyima ubongo wake damu. Mpelekeni kivulini, alale chali, miguu iinuliwe, watu wampishe apate hewa. Usimmiminie maji mdomoni mpaka azinduke. Asiyezinduka ndani ya dakika moja au asiyepumua vizuri siyo wa kusubiri, ni wa hospitali mara moja.

Tano, aliyechanganyikiwa na mwili unachoma apozwe palepale, kisha ndiyo asafirishwe. Vua jezi, mwagia maji ya baridi mwili mzima, pepea kwa nguvu, weka barafu kwapani, shingoni na kinenani. Wapo wanaodai maji ya baridi yanafunga mishipa ya ngozi na kulizuia joto ndani. Ni kweli ngozi inabana, lakini maji yanabeba joto kwa kasi kubwa zaidi ya hasara hiyo. Mwagia bila kuogopa, huku mwingine anatafuta usafiri wa kumwahisha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Mkiwa na barafu, itumieni hata kwa kifundo kilichotenguka. Ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 inatosha. Baridi inabana vimishipa vya palepale na kupunguza maumivu. Ni kanuni ileile, safari hii inafanya kazi kwa faida yako.

Mechi nyingine inakuja Jumamosi, na jua litakuwepo. Kijana wako akianza kuyumba dakika ya 65, kabla hujamwita mvivu mwite pembeni, mshike paji la uso, halafu muulize matokeo ni ngapi kwa ngapi. Asipojua, mtoe.